Naomba ushauri: pedali ya breki imekuwa ngumu, Datsun 1600SSS

Habari zenu wakuu. Nina Datsun 1600SSS ya 1971, injini L16. Nimeifunga kamshafti kali (shafti inayofungua valvu za injini) na kabureta mbili za Weber 40 DCOE. Inavuta vizuri mno, ila kwenye foleni pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, na juzi kidogo nigonge daladala. Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inasoma inchi 9 tu za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, tena sindano inarukaruka. Mpira wa busta (kifaa kinachotumia vakyumu hiyo kulainisha pedali ya breki) umetoka kwenye njia ya hewa ya silinda moja tu. Nimebadilisha mpira na valvu yake, wapi.

Je, niunganishe njia zote nne kwenye tangi la akiba ya vakyumu, au nifunge pampu ya vakyumu ya umeme?