Naomba ushauri: tarehe za Sima Guang niziandikeje kwa Kiswahili?

Wakuu, naandaa mwongozo wa Kiswahili kuhusu Sima Guang (1019–1086), mwanahistoria wa China wa enzi ya Song, na kitabu chake Zizhi Tongjian: juzuu 294, kuanzia mwaka 403 KK hadi 959 BK. Mpangilio wake ni wa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo tarehe ndiyo uti wa mgongo.

Siku zinatajwa kwa mzunguko wa majina 60. Ili kubadili, natafuta kwanza jina la siku ya kwanza ya mwezi, kisha nahesabu kwenda mbele. Mfano, jenerali An Lushan aliasi siku ya jiazi (jina la 1 kati ya yale 60), mwezi wa 11. Mwezi ulianza siku ya bingchen (jina la 53), hivyo ni tarehe 9, yaani 16 Desemba 755. Jina lisipoangukia ndani ya mwezi uliotajwa, mara nyingi mnakili alikosea.

Ugumu mkubwa uko kwenye majina ya zama, yaani majina ambayo wafalme walivipa vipindi vya utawala wao na ambayo miaka ilihesabiwa kwayo. Jina likibadilika katikati ya mwaka, Sima Guang hutumia lile la mwisho kwa mwaka mzima. Mwaka 756 wote ameuita Zhide 1 (mwaka wa kwanza wa zama ya mfalme Suzong), ingawa Suzong alitawazwa mwezi wa 7 tu! Msomaji atadhani Xuanzong, mfalme aliyemtangulia, alikuwa ameshaondoka tangu mwanzo wa mwaka.

Je, niache jina lake na kuweka tanbihi, au nitenganishe Tianbao 15 (zama ya Xuanzong) na Zhide 1? Naegemea tanbihi, kwani uamuzi ule ni wake. Waliowahi kutafsiri tarikh za Kihijria, mlifanyaje?