Kikundi: Ukoo wa Babu Khalfani – Safari ya Unguja

Jumatatu

Zuhura 07:12
Assalaam aleykum wote. Ratiba ya Jumamosi hii hapa, someni MPAKA MWISHO. Boti ya saa moja asubuhi, kwa hiyo bandarini saa kumi na mbili kamili, kitambulisho mkononi. Safari ni kama saa mbili. Tukishuka Malindi tunafuata Mizingani, bahari mkono wa kulia: Zahanati ya Kale, Mti Mkubwa, Jumba la Mfalme, Beit el-Ajaib, Ngome Kongwe. Tunakula. Halafu ndiyo tunaingia vichochoroni mwa Mji Mkongwe: Hurumzi, Kiponda, Darajani, tunamalizia Mkunazini.

Zuhura 07:13
Nani anakuja? Jina na idadi ya watoto.

Zuhura 11:40
Naona mmesoma. Kimya cha nini?

Juma 11:52
Mimi nimefika kwenye "saa kumi na mbili kamili" nikapumzika kidogo

Rehema 12:20
Shikamoo shangazi. Nije na kigari cha mtoto?

Zuhura 12:21
Marahaba. Kiache nyumbani. Vizingiti, mitaro, ngazi, hakipiti. Mbeleko.

Hamisi 12:30
Kuna vichochoro watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu, na pikipiki zinapita humo humo. Ukisikia honi panda barazani kwanza, kutazama baadaye. Sauti inagonga kuta, unadhani iko mbele kumbe iko mgongoni. Na msiegemee kuta kuukuu, chokaa inatoka na nguo.

Mama Nasra 13:05
Na maji safari hii ananunua nani? Nauliza tu.

Zuhura 13:06
Kila mtu lita moja na nusu yake. Mkononi mwake.

Mama Nasra 13:06
Haya. Maana Bagamoyo tuliona.

Zuhura 13:07
Wifi, ya Bagamoyo yaliisha.

Mama Nasra 13:07
Yaliisha kwa nani?

Juma 13:15
Vita vya Waingereza na Zanzibar, 27 Agosti 1896, havikumaliza hata saa nzima. Vya Bagamoyo vinaingia mwaka wa ngapi?

Saidi 13:16
😂😂😂

Zuhura 13:17
JUMA. Watu wanatakiwa kukata tiketi hapa.

Jumanne

Hamisi 08:02
Shangazi, kwa heshima, ratiba imegeuka kichwa chini. Tukishuka saa tatu tukatembea ufukweni mpaka mchana, jua lote letu. Mizingani haina kivuli ukishaupita Mti Mkubwa. Vichochoroni ndiko kwenye kivuli, nyumba za ghorofa mbili tatu zimebanana. Saa tano mpaka tisa tuwe ndani ya mji, ufukweni tutoke jua likishalegea.

Zuhura 08:10
Na Beit el-Ajaib tunaingia saa ngapi?

Hamisi 08:14
Usiweke kuingia. Upande mmoja uliporomoka Desemba 2020. Tunaitazama kwa nje: veranda zake, nguzo zake, jumba la Sultani Barghash la 1883. Dakika kumi zinatosha, tunasogea.

Rehema 08:40
Tukipotea je? Ramani ya simu si ipo?

Hamisi 08:44
Msiitegemee. Kuta ndefu, kile kidoti kinaruka mtaa wa pili. Ukipotea shika njia moja usigeuke geuke. Mji mdogo, bahari pande mbili na barabara kubwa ya Darajani upande wa tatu, utatokea mojawapo. Wanaopotea saa nzima ni wale wanaorudi walikotoka.

Juma 08:46
Kama posa ya Saidi

Saidi 08:46
Acha hizo

Zuhura 08:50
VIATU. Ndala hapana. Mawe yale yamelainika, yakilowa yanateleza. Mabega na magoti yafunikwe, ule ni mji wa watu. Nani anakuja???

Mwajuma 09:30
Mtoto wa Rehema amekua jamani mashallah

Mama Nasra 10:15
Mimi sisimami juani kumsubiri mtu aende kutafuta chenji. Nimesema mapema.

Zuhura 10:16
Unamsema nani?

Mama Nasra 10:16
Anayejijua.

Babu Khalfani 12:58
Assalaam aleykum. Nimesoma yote. Mkunazini mnaiweka mwisho mkishakula na kucheka. Pale watu waliuzwa. Soko lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake, madhabahu iko palipokuwa na mti wa kuchapia. Mtakwenda hapo kwanza, asubuhi, kabla ya chakula. Zile sanamu za watumwa ndani ya shimo zimevishwa minyororo ya kweli. Hapapigwi picha za kucheka. Na Bagamoyo sitaki kuisikia tena humu.

Hamisi 13:04
Shikamoo babu. Sawa babu.

Rehema 13:05
Shikamoo babu. Tumesikia.

Zuhura 14:31
Shikamoo baba. Sawa.

Zuhura 15:10
Ratiba MPYA. Kutoka bandarini moja kwa moja Darajani, kisha Mkunazini. Vyumba vya chini dari ni fupi, warefu wainame, na watoto washikwe mikono. Baada ya hapo Soko Muhogo.

Hamisi 15:18
Hapo inakaa vizuri. Babu atakaa Jaws Corner, baraza la hapo Soko Muhogo, kahawa ipo, bao lipo, dhumna lipo. Sisi tunazunguka milango Hurumzi na Kiponda tunarudi kumchukua.

Nasra 15:20
Milango tu? Si yote sawa?

Hamisi 15:27
Si sawa. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ndio wa mtindo wa zamani, wa upinde ulikuja baadaye. Wenye vibao vidogo vinavyokunjika ni wa Kigujarati, wa maduka. Angalia mnyororo uliochongwa kwenye fremu na samaki chini. Ukiona mlango umefunguliwa chungulia juu ya dari: boriti za mikoko. Ndizo zinazofanya vyumba viwe vyembamba na virefu, mkoko hauvuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Na usiingie bila hodi.

Juma 15:29
Babu akishashika dhumna mtamtoa na nini hapo

Babu Khalfani 15:40
Juma nimekusoma.

Juma 15:40
Shikamoo babu 🙏

Jumatano

Rehema 19:45
Na urojo wa Forodhani? Watoto wameshaahidiwa.

Hamisi 19:52
Hapo ndipo penye tatizo. Meza za Forodhani zinachangamka magharibi. Tukirudi na boti ya alasiri, tutakuta bustani na paka. Tukitaka Forodhani tulale.

Zuhura 19:53
Kulala hakukuwa kwenye bajeti.

Mama Nasra 19:58
Mimi nalala. Chumba changu na Rehema tafadhali.

Saidi 20:01
Mi narudi, Jumapili nina kazi

Zuhura 20:03
Baba, wewe goti lako litaweza siku moja kwenda na kurudi?

Alhamisi

Zuhura 06:30
Baba?

Hamisi 09:12
Shangazi, za kwenda nakata leo. Za kurudi nikate za lini?

Zuhura 09:15
Kata za kwenda. Nina majina tisa. Za kurudi subiri.

Farida 22:48
Ndo naona sasa hivi. Ni Ijumaa au Jumamosi? Niandikeni na wawili, labda watatu

Zuhura 22:49
JUMAMOSI. Ijumaa mchana maduka yanafungwa kwa swala. Watatu ndiyo au watatu labda?

Hamisi 22:55
Nimeshakata tisa.