Nimelipa nipimiwe udongo, nimeuziwa karatasi yenye mhuri

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu.

Nina kiwanja hapa Kampala, upande wa Kawempe, nataka kupandisha ghorofa tatu za kupangisha. Kampala mnaijua: juu ya vilima maramu nyekundu ngumu, bondeni mafunjo na tope. Changu kimekaa katikati. Upande wa barabara ni maramu, upande wa mtaro ni kinamasi ambacho mwenye kiwanja wa zamani alikijaza kifusi, na alijaza kina gani hakuna ajuaye. Ndiyo maana kabla hata ya kumwita mchoraji nilitafuta kampuni ya kupima udongo. Jina silitaji hapa, msiniulize. Pesa walizotaka niliwalipa zote.

Wakaja Ijumaa mchana na Probox, keekee ya kuzungusha kwa mkono na mifuko ya nailoni. Basi. Wakatoboa tundu moja karibu na geti, pale gari lilipoweza kufika bila kuchafuka. Nikamuuliza kijana wao, na kule chini? "Mzee, udongo ni uleule." Jumatatu asubuhi ripoti ikaletwa: imefungwa vizuri, mhuri wa bluu, sahihi mbili.

Nikaisoma. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kuisoma, maana hata aliyeiandika hakuisoma. Ukurasa wa nne unazungumzia "eneo la mradi, Mbarara". Mbarara! Ni zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa. Kisha kuna jedwali la matundu matatu, na mapigo ya SPT ni yaleyale kwenye yote matatu, namba kwa namba.

Kwa wasiokijua kipimo hicho: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka kimo cha milimita 760, inapiga bomba lizame milimita 450. Mapigo ya milimita 150 za kwanza hayahesabiwi, yanahesabiwa ya 300 za mwisho. Hapo ndipo unajua ardhi ni ngumu au ni uji. Sasa nyundo ya kilo 63 ilikaa wapi ndani ya Probox ile? Mlinzi wa jirani alikuwa amesimama pale muda wote, hakusikia hata pigo moja.

Lakini lililonichemsha zaidi ni ukurasa wa majibu ya maabara. Wameandika matokeo ya kipimo cha mgandamizo, kile kinachosema nyumba itatitia kiasi gani na kwa muda gani. Udongo wake hutakiwa kuchukuliwa na bomba bila kuvurugwa, unawekwa kwenye pete, unabebeshwa uzito na kuachwa saa 24, uzito unazidishwa mara mbili, unaachwa saa 24 nyingine, na kuendelea hivyo hatua kwa hatua. Kwa kawaida ni wiki nzima au zaidi. Hawa wamemaliza wikendi moja, kwa udongo uliotoka kwenye mfuko wa nailoni ukiwa umepondwapondwa kama ugali wa jana.

Ripoti inasema pia kwamba "maji hayakuonekana hadi mita 6". Nikamwita kijana anayechimba vyoo hapa mtaani, nikamwambia achimbe upande wa mtaro. Juu kifusi: vipande vya matofali, kaveera (mifuko ya plastiki), hata soli ya kiatu. Chini ya kifusi likaja tope jeusi lenye harufu, na mizizi ya mafunjo bado ipo, unaivuta kwa mkono inatoka ndefu. Kabla shimo halijamfika kifuani maji yakaanza kuchuruzika kutoka ubavuni, akapanda juu anacheka. Mimi sikucheka.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Ripoti imetoa uwezo wa kubeba wa kilopaskali 150 (kama tani 15 kwa kila mita ya mraba) kwa kiwanja kizima. Injinia wa nguzo akiichukua hiyo namba kwa imani, nusu ya jengo itakaa kwenye maramu na itulie, nusu nyingine itakaa kwenye mafunjo na izame polepole. Jengo likititia sawasawa mara nyingi unaweza kuishi nalo. Likititia upande mmoja, nyufa za mshazari zinaanzia pembe za madirisha, milango inagoma kufunga, halafu nguzo zinaanza kubeba mizigo ambayo hazikusukiwa nondo zake.

Nikampigia bosi wao. Jibu lake, neno kwa neno: "Mzee wangu, usijali, hiyo ni ya kupitishia plani tu."

Ya kupitishia plani tu! Tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, ina bodi ya taifa na kamati za ujenzi mpaka wilayani, na huyu bwana anaichukulia yote kama mlango wa kupitisha makaratasi.

Na wale mtakaokuja kuniambia babu zenu walijenga bila kupima: babu yako alijenga chumba na sebule, tena kilimani, wala hakuteremka kwenye mafunjo. Mtu wa Karamoja akisoma hapa atanielewa haraka, kule udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hata nyumba ya chini inachanika.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili: pesa yangu irudi, au waje na mashine yenye nyundo, watoboe upande wa mtaro mpaka wapite tope na kufika kwenye ardhi inayobeba, maji yapimwe, na mimi niwe nimesimama pale. Kama jibu litakuwa slabu moja nene ya msingi, au nguzo za kuzamisha, au nisogeze jengo lote upande wa barabara na huku chini niache parking, sawa, nitapiga hesabu zangu.

Mwenye kujua watu wanaotoboa kweli hapa Kampala aje PM. Lakini kwanza nionyeshe picha ya mashine ikiwa kazini, na maabara inayokubali mteja aingie aone sampuli zake zikiwa kwenye pete. Mhuri ninao tayari, sihitaji mwingine.