Ada ya muziki hotelini: tuhesabu viti au tuhesabu nyimbo?

MAMA NGEGE, KISUMU
Kila serikali inapoomba maoni kuhusu kurekebisha sheria ya hakimiliki, sisi huku ziwani tunanyamaza, halafu tunalalamika mwaka mzima. Mara hii naanza mimi, na hoja yangu ni moja. Ada ya muziki, ile tunayodaiwa kwa kucheza nyimbo mbele ya wateja, nitalipa, lakini sheria iandike wazi kwamba pesa hiyo imfikie mwenye wimbo uliochezwa. Wasiponionyesha orodha ya nyimbo, nisidaiwe. Hakuna orodha, hakuna malipo.

Nina hoteli ndogo karibu na ziwa. Meza nane, ngege (samaki wetu wa ziwani) wa kukaanga, wa mchuzi, ugali na sukuma. Redio huwaka saa kumi na mbili asubuhi na huzimwa tukifunga. Sitadanganya kwamba muziki haunifaidi. Siku stima ikipotea, watu hula haraka haraka wakaondoka, na hakuna anayeagiza soda ya pili.

Kila mwaka huja vijana wawili wa kukusanya ada hiyo, na kitabu cha risiti. Wanahesabu viti, wanatazama spika, wanaandika. Nalipa, kisha naibandika risiti ukutani kando ya laiseni ya kaunti. Mwaka juzi niliwauliza, "Hapa nimelipia nyimbo gani?" Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Zote, mama." Mimi nikienda ufuoni kununua samaki siuziwi "zote". Naonyeshwa, nachagua, inapimwa.

Redio yangu ni benga na ohangla, muziki wa kwetu Waluo, siku za kazi, injili Jumapili. Hakuna aliyewahi kuuliza inacheza nini. Sasa huyo anayegawa pesa anajuaje ampe nani?

Nasikia pia ile habari ya kuunganisha mashirika. Mswada wa 2020 ulitaka KECOBO ya hakimiliki, KIPI ya hataza (haki za wavumbuzi) na alama za biashara, na ile mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi ziwe ofisi moja. Waunganishe, wasiunganishe, mimi nasubiri jibu la swali langu la nyimbo. Wenzangu mwasemaje?

DERE WA KONDELE
Mama umenena. Sisi kwenye gari tunalipia muziki, na abiria huyohuyo anatuambia tupunguze sauti. Mimi nasema tugome wote, hoteli, vinyozi na matatu, hadi watuletee hesabu.

JATHUM, AHERO
Mama Ngege, kwa heshima zote. Maneno yako nimeyasoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika.

Mimi ndiye huyo mwenye wimbo. Gitaa nimelipiga zaidi ya miaka ishirini, matangani, harusini, na kwenye kampeni za watu ambao wakishinda hawashiki simu. Nina wimbo mmoja ambao hata wewe umeucheza, nina hakika. Kuna mwaka nililipwa mirabaha, yaani fungu la mwenye wimbo katika hizo ada, ikaingia elfu mbili na kidogo kwa simu. Nikampigia jirani yangu ambaye alirekodi wimbo mmoja tu, na tangu aurekodi haujasikika popote isipokuwa kwake nyumbani. Naye alipata elfu mbili na kidogo. Pesa ileile! Kumbe tuligawiwa kama sukari ya matanga, kila mtu kijiko kimoja.

Kwa hiyo kuhusu kuhesabu nyimbo, tuko pamoja. Lakini "hakuna orodha, hakuna malipo" naikataa. Orodha hiyo ataandika nani? Si mimi, sipo hotelini kwako. Si wewe, uko jikoni. Sheria ikisema hivyo, kila mwenye baa kutoka hapa hadi Busia atasema "sijaonyeshwa orodha", na mimi nitakosa hata hiyo elfu mbili. Wewe Dere, mgomo wako unagoma juu ya mgongo wangu. Samaki akioza sokoni si mnunuzi anayepata hasara.

DERE WA KONDELE
Omera, pole. Lakini hiyo elfu mbili nayo unaiita malipo?

WAKILI MTARAJIWA, MASENO
Niweke mambo machache sawa, maana naona hasira inatangulia.

Sheria iliyopo ni ya 2001, na imerekebishwa mara kadhaa. Chini yake, wimbo unapata ulinzi mara tu unaporekodiwa au kuandikwa. Kusajili kunasaidia kuthibitisha tu, wala si sharti. Na kuucheza mbele ya wateja ni matumizi yanayohitaji ruhusa ya mwenyewe. Kwa hiyo Mama analipia haki iliyopo kweli, si kodi iliyobuniwa.

Pili, msidharau haya maoni mnayoombwa. Mwaka wa 2016, Mahakama Kuu ya Malindi ilibatilisha kifungu cha 30A cha sheria hii, kilichohusu jinsi wasanii na watayarishaji wa rekodi wanavyolipwa kupitia vyama vya kukusanya mirabaha. Hoja iliyokiangusha ni kwamba wananchi hawakushirikishwa kilipotungwa. Kwa hiyo barua ya Mama Ngege ina uzito, ikifika.

Tatu, angalieni nyimbo za Skiza, zile anazosikia anayekupigia simu kabla hujapokea. Marekebisho ya 2022 yaliandika asilimia ndani ya sheria yenyewe: msanii asipate chini ya 52, kampuni ya simu 39.5, na wakala aliye katikati 8.5. Mtu anaweza kubishana kama 52 inatosha. Lakini mgao huo unawezekana kwa sababu kila mteja anayechukua wimbo anahesabiwa na mtambo. Hotelini hakuna mtambo.

JATHUM, AHERO
Huo mtambo uko kwa nani? Mimi sijawahi kuuona ukihesabu. Naambiwa tu.

WAKILI MTARAJIWA, MASENO
Hilo ni swali zuri, na ndilo la kuandika. Haki ya msanii kukagua hesabu iwe ndani ya sheria, asiombe kama msaada.

Kuhusu hoteli, nina wazo. Mama, wewe huchezi kaseti zako, unacheza redio. Na redio inaweza kuweka kumbukumbu ya kila wimbo iliopiga, saa na dakika. Basi pesa zinazokusanywa Kisumu zigawanywe kwa kufuata kumbukumbu za redio zinazosikilizwa Kisumu, zikiwemo za Dholuo, si zile za Nairobi peke yake. Hakuna atakayekaa hotelini na kalamu. Haitakuwa kamili, kwa maana baa inayocheza kutoka kwenye simu itaponyoka, lakini itakuwa karibu na ukweli kuliko kuhesabu viti.

JATHUM, AHERO
Hapo sasa. Hilo ningelitia sahihi leo.

Ila nina jambo la wazee. Kuna rekodi za benga za zamani, watu wanazichukua, wanazisafisha sauti na kuziweka mtandaoni wanakula pesa. Familia zipo hapa vijijini. Sheria inasemaje?

WAKILI MTARAJIWA, MASENO
Wimbo mmoja una haki mbili, na hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ina miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mchukue D. O. Misiani, yule mwanamuziki wa benga, aliyefariki katika ajali hapa Kisumu mwaka wa 2006. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Lakini rekodi yoyote iliyofanywa mwaka wa 1970 ulinzi wake uliisha 2020. Kwa hiyo anayeipakia rekodi ya mwaka huo hana deni kwa aliyemiliki rekodi, ila kwa mtunzi au warithi wake bado analo.

MWALIMU, KHAYEGA
Hamjambo wana-Kisumu. Nyinyi mnabishana juu ya nyimbo zenye wenyewe. Sisi huku Kakamega tuna ngoma isiyo na mtunzi.

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambao ni Waluhya, iliingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baragumu, filimbi, na watu. Hupigwa mtoto akizaliwa, hupigwa harusini, hupigwa mtu akizikwa. Sasa mtu anakuja matangani na simu, anarekodi, na baadaye sauti ile unaikuta kwenye tangazo la biashara. Hakimiliki ya rekodi ni yake, maana yeye ndiye aliyerekodi. Wazee waliopiga wanabaki na jasho.

Katiba, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya maarifa ya jadi ya mwaka wa 2016 ikafuata, na inazipa kaunti jukumu la kusajili. Nimeuliza wapigaji watatu wa kijijini kwetu kama wamewahi kuisikia sheria hiyo. Mmoja alidhani nazungumzia dawa za mitishamba. (Hakukosea sana, hata hizo zimo.)

MAMA NGEGE, KISUMU
Mwalimu, usije ukanizulia ada nyingine. Wajukuu wangu ni wa upande wa Shinyalu, wakipiga isukuti hotelini siku ya arusi nitalipa nani, babu yao?

MWALIMU, KHAYEGA
La, mama. Wenye mila wakiitumia kwa desturi yao, wasiguswe. Namtafuta yule wa tangazo.

Na kuna jambo linanikera kuliko yote. Mswada unatuletea kurasa nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, kisha tunaambiwa "toeni maoni". Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 7. Yule mzee wa baragumu atatoa maoni kuhusu nini? Kabla ya ofisi moja au tatu, watuletee muhtasari kwa Kiswahili, na kwa Kiluhya na Dholuo pia, wausome redioni hiyohiyo tunayoibishania.

DERE WA KONDELE
Wakiusoma redioni, na huo nitalipia?

MAMA NGEGE, KISUMU
Dere, endesha gari.

Jathum, nimekusikia. Lile la "hakuna orodha, hakuna malipo" naliondoa. Nililiandika nikiwa na hasira za "zote, mama". Badala yake nitaandika hivi: ada iendelee, lakini pesa ya Kisumu igawanywe kwa kumbukumbu za redio za Kisumu, kumbukumbu hizo msanii aweze kuzikagua bila kuomba, na kila risiti ya hoteli iseme ni redio zipi zilizotumika kugawa. La Mwalimu nalo naliongeza, la lugha.

Ila sitaki waseme mama wa samaki anaropoka. Kuanzia Jumatatu yule kijana wangu wa meza atakaa na daftari wiki nzima, kila wimbo ukipigwa anaandika jina na saa. Nitaliambatisha kwenye barua.

JATHUM, AHERO
Nyimbo za zamani hatazijua majina, mama. Nitakuja mimi kumsaidia. Wangu ukipigwa tutaandika kwa wino mwekundu.

MAMA NGEGE, KISUMU
Njoo. Lakini ngege utalipa, na nitakuandikia risiti yenye jina la samaki.