Mjadala: Babelsberg au Valby, studio kongwe ya filamu Ulaya ni ipi?

Kibatari: Wakuu, Babelsberg ya Potsdam hujinadi kuwa studio kubwa iliyo kongwe kuliko zote duniani, tangu 1912. Lakini kampuni ya filamu ya Nordisk, ya Ole Olsen, ilianza 1906 pale Valby, Copenhagen, na ipo mpaka leo. Hicho kigezo cha ukubwa hakikuwekwa ili kumtoa Mdenmaki kweli?

Mkanda35: Hapana, tazama kilichojengwa. Kampuni ya Bioscop, iliyoanzisha Babelsberg, ilikuwa inapiga filamu ghorofani Chausseestrasse, Berlin. Mikanda ya siku hizo ilikuwa ya nitrati, na nitrati ikiwaka hujitolea oksijeni yenyewe. Hata uizamishe majini inaendelea kuungua. Katikati ya mji hiyo ni hatari tupu. Guido Seeber, mpiga picha wa Bioscop, akapata kiwanda cha maua bandia kilichoachwa, Neubabelsberg, akajenga ubavuni mwake nyumba ya vioo ya mita 15 kwa 20, ili kupigia filamu kwa mwanga wa jua. Februari 1912 mwigizaji Asta Nielsen alikuwa tayari mbele ya kamera.

Kibatari: Kama ni vioo tu, Méliès, yule mtengenezaji filamu Mfaransa, alikuwa navyo Montreuil, karibu na Paris, tangu 1897.

Mzee wa Lenzi: Navyo, ndiyo, mita 17 kwa 7. Vingi vilikuwa vya ukungu, ili vivuli vya fremu ya paa visiangukie waigizaji. Mandhari yote aliyapaka kijivu, kwa kuwa mkanda wa wakati ule haukuiona nyekundu: ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka karibu nyeupe. Tabu yake ilikuwa mawingu. Hila zake zilihitaji mkanda urudishwe nyuma na kupigwa mara ya pili. Wingu likipita katikati, nusu mbili za picha hazilingani mwanga, kazi imeharibika. Mtengenezaji filamu Mjerumani Oskar Messter alikuwa amelikwepa hilo Berlin tangu 1896 kwa taa za arki, yaani taa kali za umeme. Ila studio hizo mbili hazipo tena, hazigombei cheo.

Mkanda35: Na Nordisk ilifilisika 1928, ikafufuliwa mwaka uliofuata.

Mzee wa Lenzi: Babelsberg nayo imepita mikononi mwa kampuni ya Ufa, kisha DEFA, kampuni ya filamu ya Ujerumani Mashariki, 1946, ikauzwa 1992. Mkihesabu kampuni, hakuna aliye salama. Mkihesabu kiwanja, Valby inaongoza kwa miaka 6, na sioni hoja ya kuipiku.

Mkanda35: Kiwanja sawa, nakubali. Lakini 1929, sauti ilipoingia, vioo havikufaa tena kwa sababu vilipitisha kelele, Babelsberg wakajenga kumbi 4 za matofali zisizo na madirisha, kwa umbo la msalaba. Valby walijenga nini cha kiwango hicho?