Msiri wa Bunkeya alianzaje: mchuuzi au mtemi?

Mjukuu_wa_Ushirombo
Wakubwa shikamooni. Bibi yangu ni Msumbwa wa Ushirombo, na tangu tukiwa wadogo anatuhadithia habari za watu "waliofuata shaba wasirudi". Juzi nimeambiwa mmoja wao ndiye Msiri aliyeanzisha mji wa Bunkeya, Katanga, huko Kongo. Mtu wa kwetu anaondoka na mzigo begani, anafikaje kutawala nchi ya watu? Mwenye kujua anijuze.

Dereva_Mstaafu
Marahaba mjukuu. Njia ya Tunduma hadi Likasi nimeipiga miaka kumi na moja, na wenyeji walinisimulia mengi wakati wa kusubiri kushusha mzigo.

Jina lake la nyumbani ni Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa akienda Katanga kununua shaba, na kijana akazijua njia na wazee wa kule mapema. Miaka ya 1850 akaenda akakaa moja kwa moja. Wenzake wakaitwa Bayeke, wawindaji wa tembo. Walikuwa na bunduki, na majirani wao hawakuwa nazo, kwa hiyo mtemi akishambuliwa anamwita Ngelengwa. Ukishamwokoa mtu kwenye vita, bei ya pembe unapanga wewe.

Mzee mmoja wa Likasi alinipa kushika msalaba wa shaba wa zamani. Mzito kuliko unavyoonekana! Upande mmoja laini, mwingine una vinundu kama uji uliogandia sufuriani. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa.

Ujanja wake mkubwa ni kwamba Bunkeya ilikaa katikati. Nguo na shanga zikitoka pwani yetu, bunduki na baruti zikitoka Benguela kwa wafanyabiashara wa Angola. Akioa, anaoa njia: Maria da Fonseca alikuwa jamaa wa Coimbra, mfanyabiashara wa huko Angola. Wake zake walikuwa mamia, na wengine ndio waliokuwa macho yake mikoani. Siasa hiyo, wala si anasa tu (ingawa anasa nayo ilikuwepo, tusidanganyane).

Mama_Shehe
Mbona unamsifu hivyo? Aliuza watu pia. Na mmisionari Arnot, aliyefika 1886, alikuta mafuvu yametundikwa pale mjini.

Dereva_Mstaafu
Kweli kabisa, mama, sikatai. Ukatili ndio uliomponza. Mwishoni mwa utawala wake Wasanga, wenyeji aliowatawala, wakaasi, njia zikafungwa, njaa ikaingia Bunkeya. Wakati huohuo Wazungu wamemjia kama nzi: Sharpe kwa niaba ya Waingereza, kisha watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Alikataa bendera zote. Desemba 1891 ikafika safari ya Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Leopold, iliyoanzia pwani yetu, askari na wapagazi wengi wameandikwa Zanzibar. Stairs akapandisha bendera bila kuruhusiwa. Tarehe 20 Kapteni Bodson akatumwa kumkamata. Msiri akachomoa upanga, Bodson akampiga risasi, na Bodson naye akapigwa risasi, akafa kwa jeraha hilo.

Katuba_Mwenyewe
Jambo benu. Miye niko ku Lubumbashi. Kila mwaka tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili bantu banaenda ku Bunkeya kumukumbuka Mwami, ni kusema mufalme Msiri. Ukoo wake ungali unatawala Bayeke. Hata Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati ilijitenga na Kongo chini ya Tshombe, alitoka mule mu nyumba.

Mjukuu_wa_Ushirombo
Asanteni sana. Nimempigia bibi. Anasema ana bangili ya mama yake, waya mwembamba wa shaba umezungushiwa kitu kama nywele za mkia, ameifungia kwenye khanga sandukuni. Jumamosi naenda Ushirombo, nitaipiga picha. Dereva, utaniambia kama umewahi kuona ya namna hiyo Likasi.