Redio kileleni Vuria: minara haitanisumbua?

Hamjambo ndugu zangu. Mie niko Likoni, nina leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na wenzangu hewani kwa kujifurahisha. Mwezi ujao twapanda milima ya Taita, nami nataka kuita watu kutoka kilele cha Vuria, mita 2,208. Nina redio ya wati 5, bendi ya mita 20 (yaani mawimbi yenye urefu wa mita 20 hivi), na waya wa antena wa mita 10, nusu ya wimbi, nitakaoutundika kwenye fimbo ya kuvulia samaki (baharini haijanipa changu hata mmoja).

Shida ni minara ya mawasiliano iliyosimama huko juu. Nahofia kelele zake zitaimeza redio yangu. Je, aliyewahi kujaribu aniambie, nihamie mlima Kasigau japo ni mita 1,641 tu? Na betri, moja yatosha kutwa? Mgongo wangu si wa ujana tena.